Maswali ya Wasomaji: Kwa Nini Tunawazika Wafu?

Barua nyingi tulizopokea baada ya toleo lililopita zinahusu mazishi. Nyingine zimeandikwa na watu wenye hamu ya kujua tu, na nyingine na watu waliofiwa ambao bado wamo katika mabishano na jamaa zao. Nimechagua sita. Sitazijibu kwa urefu ulio sawa, kwa sababu uzito wake haulingani.

Mheshimiwa Mhariri, mwalimu wetu wa biolojia alituambia darasani kwamba mazishi ni suala la usafi tu: maiti ikiachwa hunuka na kuleta maradhi, ndiyo maana watu wakajifunza kuifukia, na mengine yote ni mapambo yaliyoongezwa baadaye. Je, ni kweli? (Mwanafunzi wa kidato cha nne)

Mwalimu wako hakukosea kusema kwamba maiti hunuka, wala kwamba kuna maradhi yanayoambukizwa na maiti. Shida ni kudhani kwamba hayo yanatosha kuwa jibu.

Tuanze na hayo maradhi. Shirika la Afya Duniani limesisitiza kwa miaka mingi kwamba maiti za watu waliokufa kwa tetemeko la ardhi au mafuriko kwa kawaida haziletei walio hai magonjwa ya mlipuko, kwa kuwa watu hao walikufa kwa majeraha au kwa kuzama, si kwa maradhi ya kuambukiza. Hatari kubwa iko kwa waliouawa na maradhi machache, kama vile Ebola na kipindupindu. Na hata hapo, tazama yaliyotokea Afrika Magharibi katika mlipuko wa Ebola wa mwaka 2014 hadi 2016, uliowaua watu zaidi ya 11,000. Pale ambapo vikosi vya afya vilichukua maiti na kuzifukia upesi bila jamaa kushuhudia, baadhi ya familia zilianza kuwaficha wagonjwa na kuzika kwa siri, na maradhi yakapata njia ya kuenea. Mwishoni mwa mwaka 2014 Shirika hilo likatoa mwongozo wa mazishi yaliyo salama na yenye heshima, ambao uliwapa wafiwa nafasi ya kusali, kushuhudia kwa mbali na kujua kaburi la mtu wao lilipo. Kama kuzika kungekuwa usafi tu, nani angeuhitaji mwongozo wa namna hiyo?

Usafi hata sisimizi wanao. Katika miaka ya 1950 mwanabiolojia wa Marekani Edward O. Wilson alibaini kwamba sisimizi humtambua mwenzao aliyekufa kwa harufu ya asidi ya oleiki. Alipompaka sisimizi mzima asidi hiyo, wenzake walimbeba huku anarusha miguu wakaenda kumtupa jalalani, na kila aliporudi walimtupa tena hadi alipokwisha kujisafisha. Huko ni kuondoa uchafu, na kazi hiyo inakamilika bila kujali anayebebwa ni nani.

Sasa linganisha na yaliyofukuliwa na wanaakiolojia. Mwaka 2021 ilitangazwa habari ya mtoto wa miaka miwili na nusu hadi mitatu aliyezikwa takriban miaka 78,000 iliyopita katika pango la Panga ya Saidi, kaunti ya Kilifi nchini Kenya. Watafiti wakampa jina la Mtoto. Alikuwa amelazwa kwa ubavu wa kulia, magoti yamekunjwa kuelekea kifuani, na jinsi mifupa yake ilivyokaa inaonyesha kwamba mwili ulikuwa umeviringishwa katika kitu fulani na kichwa kimeegemezwa juu ya kitu kilichokwisha kuoza zamani. Huko Qafzeh, nchini Israel, yako makaburi yenye umri wa zaidi ya miaka 90,000. Mtu anayetaka tu kuepuka harufu hana haja ya kumlaza mtoto kwa ubavu wala kumwekea kitu cha kuegemeza kichwa.

Utasikia pia habari ya Shanidar, nchini Iraq, ambako chavua iliyokutwa karibu na mifupa ya mtu wa jamii ya Neandertal, binadamu wa kale waliokwisha kutoweka, ilisemekana kuwa ya maua aliyozikwa nayo. Habari hiyo inapendeza mno, nami nakushauri uipokee kwa tahadhari, maana watafiti wengine wameonyesha kwamba chavua hiyo ingeweza kuingizwa na panya au nyuki wanaochimba ardhini. Ushahidi wa Panga ya Saidi na wa Qafzeh unatosha bila hayo maua.

Kwa maoni yangu, kiini cha mazishi ni kumtendea kazi mtu asiyeweza tena kujitendea wala kulipa. Dini zilizotofautiana katika mengi zimekutana hapa. Katika Uislamu, kumwosha maiti, kumvika sanda, kumsalia na kumzika ni faradhi ya kifaya: wakiitekeleza baadhi ya watu, wengine wamesamehewa, isipotekelezwa na yeyote, wote wana dhambi. Wakristo Wakatoliki huhesabu kuzika wafu miongoni mwa matendo saba ya huruma ya kimwili. Katika sheria ya Kiyahudi, kuhani mkuu alikatazwa kuikaribia maiti, hata ya baba yake mzazi, lakini akiikuta njiani maiti isiyo na wa kuizika, alipaswa kuizika kwa mikono yake. Wajibu huo ulionekana mzito hata mahakamani. Mwaka 406 kabla ya Kristo, Waathene waliwashinda maadui zao katika vita vya baharini vya Arginusae, kisha wakawahukumu kifo majemadari wao wenyewe, sita kati yao wakauawa, kwa kosa la kutowaokoa waliokuwa wakizama na kutoziopoa maiti za wenzao baada ya dhoruba kuvuma. Hukumu ile ilikuwa ya hasira, na Waathene wenyewe waliijutia baadaye, ila inakuonyesha jinsi jambo lenyewe lilivyotazamwa.

Mhariri, katika ukoo wetu kila msiba unatuacha na madeni. Wazee wanasema jeneza la bei ya chini ni kumdharau marehemu. Je, heshima ya mfu hupimwa kwa gharama? (Mweka hazina wa familia)

Watu wamewazika wapendwa wao na mali tangu zama za kale sana. Huko Sungir, nchini Urusi, watoto wawili walizikwa zaidi ya miaka 30,000 iliyopita pamoja na maelfu ya shanga za pembe ya mamothi, mnyama wa kale aliyefanana na tembo, ambazo bila shaka zilikula muda mrefu wa mafundi wengi. Kaburi la Tutankhamun lililofunguliwa na Howard Carter mwaka 1922 lilikuwa na vitu zaidi ya 5,000, naye alikuwa mfalme wa Misri ya kale aliyekufa kijana. Kwa hiyo wazee wako hawakubuni jambo jipya.

Hata hivyo, desturi ya kuzuia gharama hizo nayo ni ya kale. Sheria za Mbao Kumi na Mbili za Warumi, za karne ya tano kabla ya Kristo, ziliweka kikomo cha mavazi ya mazishi na cha wapiga filimbi, wasizidi kumi, na zikakataza dhahabu kuingia kaburini. Dhahabu iliyoachwa ni ile tu iliyofungia meno ya marehemu, na ninaipenda sheria inayokumbuka jambo dogo kama hilo. Talmudi, mkusanyo wa mafundisho ya marabi wa Kiyahudi, inasimulia kwamba zamani kumtoa maiti kulikuwa kuzito kwa jamaa kuliko kifo chenyewe, hata wengine wakawa wanaiacha maiti na kukimbia. Ndipo Rabban Gamaliel, aliyekuwa mtu mkubwa na mwenye uwezo, alipotaka azikwe kwa nguo ya kitani ya kawaida, na watu wote wakamfuata. Abubakar, khalifa wa kwanza, alipokaribia kufa aliagiza akafiniwe kwa nguo yake iliyokwisha kuvaliwa, akieleza kwamba aliye hai anaistahili nguo mpya kuliko maiti.

Zingatia kwamba mabadiliko katika simulizi ya Gamaliel yalianzia kwa mwenye cheo. Maskini akizika kwa unyonge, watu husema hakuwa na la kufanya. Tajiri akifanya vivyo hivyo, huwafungulia wengine njia. Kama katika ukoo wenu yupo mzee mwenye uwezo na anayeheshimiwa, mwombeni aandike sasa, akiwa na afya yake, kwamba anataka mazishi ya gharama ndogo. Neno lake litawasaidia kuliko hotuba zako kumi za mweka hazina.

Baba yetu ameacha wosia kwamba mwili wake uchomwe na majivu yake yahifadhiwe. Nusu ya ndugu zangu wanasema huko ni kumtupa baba, na kwamba mtu asiye na kaburi hakuzikwa. Maiti bado iko chumba cha maiti. Tufanyeje? (Kifungua mimba)

Pole sana kwa msiba. Nitaanza na swali ambalo barua yako haikuligusa: baba alikuwa wa dini gani, na alikufa akiifuata? Kama alikuwa Mwislamu, wanazuoni hawana mjadala hapo. Kuchoma maiti kumekatazwa, na wosia unaopingana na sheria ya dini hautekelezwi. Sheria ya Kiyahudi ya asili inakataza vilevile, na makanisa ya Kiorthodoksi kwa jumla hayaikubali desturi hiyo. Kanisa Katoliki lililegeza katazo lake mwaka 1963, mradi kuchomwa kusiwe njia ya kuikana imani ya ufufuko, na mwaka 2016 likaeleza kwamba majivu yahifadhiwe mahali patakatifu, na kwa kawaida yasiwekwe nyumbani wala yasitawanywe. Makanisa mengi ya Kiprotestanti huliachia jambo hili dhamiri ya mhusika na familia yake. Kwa Wahindu, moto ndio njia ya kawaida, ingawa watoto wachanga na watawa walioikana dunia mara nyingi huzikwa ardhini.

Ikiwa dini yake haikuzuia, ninasimama upande wa wosia, na sababu yangu ni ileile niliyompa mwanafunzi hapo juu. Kinachomtofautisha aliyezikwa na aliyetupwa ni kazi aliyotendewa na mahali alipowekwa. Nchini Japani karibu maiti zote huchomwa, na bado hakuna anayeweza kusema kwamba Wajapani huwatupa wazazi wao: baada ya moto, jamaa husimama pamoja na kuokota mifupa kwa vijiti, wakianza na ya miguuni na kumalizia na ya kichwani, ili marehemu asikae kichwa chini miguu juu katika chombo chake. Wafuasi wa Zarathustra, nabii wa Uajemi ya kale, nao hawakuzika wala kuchoma, kwa kuwa waliona ardhi na moto kuwa vitakatifu mno visivyostahili kuguswa na maiti; waliipandisha maiti juu ya mnara ikaliwa na ndege, na kwao huo ulikuwa wajibu wa kidini uliokuwa na taratibu zake kamili. Kwa upande mwingine, mtu anaweza kufukiwa ardhini bila kuzikwa, kama wanavyofahamu wote walioona kaburi la halaiki lililochimbwa kwa tingatinga.

Ndugu zako hawagombani nawe kuhusu moto, nadhani. Wanaogopa kwamba hapatakuwa na mahali pa kwenda. Hofu hiyo ni ya haki, na wosia wa baba, kama ulivyoueleza, unaijibu, kwa kuwa alisema majivu yahifadhiwe. Kwa hiyo kabla ya siku ya kuchoma, amueni yatawekwa wapi, jina lake litaandikwa juu ya nini, na nani atapatunza. Yazikeni majivu ardhini ikiwezekana, mbele ya wote, na kila mmoja apate nafasi ya kutia udongo. Na kama wosia haukuandikwa bali uliwahi kusemwa tu mbele ya mtu mmoja, ongeeni na mwanasheria kwanza, kwa kuwa nchi hutofautiana katika uzito unaopewa maneno ya marehemu kuhusu mwili wake mwenyewe.

Mdogo wangu alipotea baharini na hakupatikana. Mama anakataa tusifanye ibada yoyote ya mazishi, anasema hajaona maiti. Sisi wengine tumechoka kusubiri. Je, inaruhusiwa kumzika mtu asiyekuwepo? (Dada mkubwa)

Dada, hili ndilo swali gumu kuliko yote niliyoletewa, na sitaki umwone mama yako kuwa mkaidi. Mwanasaikolojia wa Marekani Pauline Boss, aliyeanza katika miaka ya 1970 kuchunguza familia za wanajeshi waliopotea vitani Vietnam, alieleza kwamba msiba usio na hakika unamfunga mtu kwa namna ambayo kifo cha kawaida hakifungi, kwa sababu kuomboleza kunaonekana kama usaliti na kutumaini kunaonekana kama wazimu. Mama yako yumo katikati ya hayo mawili.

Ni kweli pia kwamba mwili una nguvu ambayo maneno hayana. Huko Srebrenica, nchini Bosnia, wanaume na wavulana zaidi ya 8,000 waliuawa mwezi Julai 1995, kisha wauaji wakayafukua makaburi kwa mashine na kuihamishia mifupa kwingine ili kuficha ushahidi. Kwa hiyo mabaki ya mtu mmoja yalikutwa yametawanyika katika makaburi zaidi ya moja, na yakatambuliwa kwa vipimo vya vinasaba. Kila tarehe 11 Julai waliotambuliwa huzikwa pamoja kwenye makaburi ya Potočari. Familia nyingine zimemzika mtu wao kwa mifupa michache tu, na baadaye zikafungua kaburi tena kuongeza iliyopatikana. Nyingine zimeona ni afadhali kungoja kwa miaka mpaka mwili ukamilike zaidi. Nani kati yao amekosea? Mimi sioni aliyekosea.

Kuhusu ruhusa, jibu ni kwamba watu wa dini na zama nyingi wamefanya hivyo. Wagiriki wa kale waliwajengea makaburi matupu waliozama au kufia ugenini. Katika Uislamu ipo sala ya ghaibu, ambayo msingi wake ni Mtume kumsalia Najashi, mfalme wa Uhabeshi, aliyekuwa mbali, ingawa wanazuoni wamekhitilafiana kuhusu nani asaliwe hivyo. Na mtu aliyepotea, kadhi ndiye anayetoa hukumu ya kifo chake baada ya muda. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, vilivyoacha mamia ya maelfu ya wanajeshi wasiojulikana walipolala, tarehe 11 Novemba 1920 Uingereza ilimzika mwanajeshi mmoja asiyejulikana jina katika kanisa la Westminster Abbey jijini London, na kaburi lake likajazwa udongo ulioletwa kutoka Ufaransa. Siku hiyohiyo Ufaransa nayo ilimleta wake kwenye Tao la Ushindi jijini Paris. Akina mama waliofika pale kila mmoja aliweza kudhani kwamba huenda ni wake.

Ushauri wangu ni kwamba msiite mazishi. Fanyeni dua au ibada ya kumwombea mdogo wenu popote alipo, maneno ambayo mama anaweza kuyaitikia bila kusema kwamba mwanawe amekufa, na mwekeni alama yenye jina lake mahali ambapo mama atakubali. Mambo ya cheti, mirathi na ndoa ya mkewe, kama alioa, yapelekeni mahakamani au kwa kadhi, ili mama asilazimishwe kutamka uamuzi ambao sheria inaweza kuutamka kwa niaba yake. Kisha mwacheni na muda wake.

Je, mtoto wa miaka saba apelekwe makaburini kumzika bibi yake? (Baba wa mmoja)

Apelekwe akitaka, asilazimishwe asipotaka. Mweleze mapema atakachokiona: jeneza au sanda, shimo, watu wakilia, udongo ukirudishwa. Mwambie wazi kwamba bibi amekufa, maana mtoto akiambiwa kwamba bibi amelala, anaweza kuogopa kulala. Mtafutie mtu mzima asiyekuwa katikati ya msiba ambaye atakaa naye na kuondoka naye akichoka. Desturi za baadhi ya jamii huwazuia watoto kabisa. Kama yenu ni hivyo, mpelekeni baada ya siku chache kulitazama kaburi.

Tumepewa taarifa kwamba eneo la makaburi alimozikwa babu yetu limejaa na makaburi ya zamani yatatumika tena. Nilidhani kaburi ni la milele. (Mjukuu)

Kwa Wayahudi, ndiyo, kaburi halipaswi kuguswa. Kwa wengine wengi, hapana. Mafakihi wa Kiislamu wamekataza kulifukua kaburi maadamu mwili haujawa udongo, lakini baada ya hapo wengi wao wameruhusu mahali hapo pazikwe mtu mwingine. Nchini Ujerumani kaburi hukodishwa, mara nyingi kwa miaka 20 hadi 30, na familia isipoongeza muda hutolewa kwa wengine. Jijini Paris, makaburi ya Watakatifu Wasio na Hatia yaliyotumika kwa karne nyingi yalijaa kiasi kwamba mwaka 1780 yalifungwa, na kuanzia mwaka 1786 mifupa yake ikahamishiwa katika machimbo ya mawe yaliyo chini ya jiji, ambako sasa yamo mabaki ya watu zaidi ya milioni sita.

Kwa hiyo taarifa mliyopewa si ya ajabu, ila ulizeni mambo matatu kwa maandishi: kaburi la babu limefikisha muda gani kwa kanuni za eneo lenu, kama familia inaweza kulipia muda zaidi au kumzika mtu wa ukoo huohuo hapo, na mifupa itakayopatikana itapelekwa wapi. Swali la tatu ndilo maafisa husahau kulijibu. Mkikubali mifupa ihamishwe, ombeni mjulishwe siku na saa ya kazi hiyo, na mmoja wenu awepo tangu kaburi linapofunguliwa hadi mifupa inapofukiwa tena.